Waulizeni wamekuja kupima mwezi gani

Toleo lililopita tuliandika habari za bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima Uganda mpaka hapa kwetu Chongoleani, Tanga, na mwishoni tukawaachia swali moja tu: wanyama wanaohamahama watapita wapi? Barua na meseji zimekuja nyingi kuliko nilivyotegemea, nyingine ndefu, nyingine za hasira, mbili ni za sauti kabisa. Nimechagua hizi saba, nimezifupisha kidogo, majina nimeyaacha nje kama wenyewe walivyoomba.

Shikamoo Mwalimu. Mi niko Handeni. Hilo bomba si wamelifukia chini? Tembo atapita juu yake wala hatajua kama kuna kitu. Sasa hii kelele ya mazingira inatoka wapi? (Msomaji, Handeni)

Marahaba mwanangu. Umeuliza jambo ambalo wengi wanaliwaza ila hawalisemi. Ni kweli bomba linafukiwa, urefu wake kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 ziko upande wetu, linapita mikoa minane kuanzia Kagera mpaka Tanga. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi, yakipoa yanaganda kama mafuta ya nazi asubuhi ya baridi kule Lushoto, ndo maana bomba linapashwa moto njia nzima, mafuta yasipungue nyuzi 50. Likishafukiwa na majani yakaota juu tembo anapita, hapo sibishani na wewe.

Ila bomba haliji peke yake. Kwanza wakati wa ujenzi inafyekwa njia ya upana wa mita 30, na kuna makambi ya wafanyakazi, magari mazito mchana na usiku, mitaro iko wazi. Alafu kuna vituo vya kusukuma mafuta, vinne viko Tanzania, hivyo havifukiwi, viko juu na uzio wake na taa zake na watu wake. Na kuna barabara. Mi hii barabara ndo inayoninyima usingizi kuliko bomba lenyewe, maana barabara ya mradi ikishafunguka porini haikai ikisubiri gari la mradi, inapita pikipiki ya mkaa, baada ya mkaa linakuja shamba, baada ya shamba kibanda, alafu kibanda kinakuwa kitongoji, na mwenye kitongoji hana kosa lolote, kakuta barabara kajenga. Ushoroba, yaani njia ya wanyama kupita, unazibika hivyo hivyo taratibu, hakuna siku hata moja ambayo mtu alikaa akaamua auzibe.

Na wanyama hawa hawakai hifadhini mwaka mzima. Nyumbu na pundamilia wa Tarangire mvua zikianza wanatoka nje ya hifadhi wanaenda uwanda wa Simanjiro, ardhi ya vijiji ile, kwa sababu majani ya kule yana madini ambayo mama anayenyonyesha anayahitaji, wanazaa huko, kiangazi wanarudi mtoni Tarangire kufuata maji. Hapa mkoani kwetu angalia Mkomazi, mvua zikinyesha tembo wanavuka kutoka Tsavo ya Kenya wanaingia upande wetu, pakikauka wanarudi zao, hawana pasipoti wala hawaoni mpaka.

Sasa chukua mtaalamu umpeleke Simanjiro mwezi wa nane na karatasi zake akahesabu wanyama. Atakuta ng'ombe, mbuzi na vumbi. Ataandika wanyamapori ni wachache. Hajadanganya hata kidogo, ameandika alichokiona, ila kile kitabu kikishagongwa muhuri ndo kinakuwa ukweli wa pale mahali, na nyumbu wakirudi mwezi wa kwanza kuzaa wanakuta eneo lao lilishaandikwa kuwa tupu. Ndo maana mradi wowote ukija kwenu, uwe wa mafuta, gesi, umeme, chochote, swali la kwanza wala lisiwe fidia ni shilingi ngapi. Waulizeni wamekuja kupima mwezi gani.

Mwalimu, huku Sahare nyumbani kwetu kuna ndege wengi wanakuja ufukweni maji yakitoka, wanakimbiakimbia kwenye tope. Mume wangu anasema ni wa hapahapa, mi nasema ni wageni maana kuna miezi siwaoni kabisa. Nani kashinda? (Mama wa wawili, Sahare)

Umeshinda wewe dada, mwambie. Wengi wao ni wageni, wale wadogo tunaowaita vitwitwi na wale wakubwa wenye mdomo mrefu uliopinda, sululu, wanazaliana huko kaskazini kabisa ya dunia, Siberia na nchi za barafu, kwao kukianza baridi wanashuka. Wanaanza kuingia mwezi wa nane wa tisa, wanakaa nasi kaskazi yote, mwezi wa nne wanaondoka. Pwani ya Tanga ipo kwenye orodha ya kimataifa ya maeneo muhimu ya ndege, na mojawapo ya sehemu zilizotajwa ni mashamba ya chumvi ya huku kaskazini ya mji.

Nenda siku ya bamvua, maji yakiwa yametoka mbali, ukae chini utulie usivae nguo ya kung'aa. Utaona kitwitwi anachomeka mdomo kwenye tope, anachomoa, anachomeka, haraka kama cherehani, na kila akichomoa kuna kitu kidogo kimeingia. Ile ndo nauli yake ya kurudi Siberia. Kabla ya kuondoka inabidi anenepe sana, mafuta aliyobeba mwilini ndo yatakayomrusha maelfu ya kilomita, na akikosa wiki mbili tatu za kula kwa utulivu ataondoka na tangi nusu na hatafika. Kwa hiyo mtu akikwambia tutachimba hapa miezi miwili tu alafu tunaondoka tunapaacha kama palivyokuwa, muulize miwili ipi. Ya kusi, sawa tunaongea. Ikiwa mwezi wa tatu na wa nne, hapana.

Naitwa mwanafunzi wa Bagamoyo, nasoma mambo ya mazingira. Nimesoma kwamba Marekani wana ardhi ya umma kubwa sana na wanyama wanaohama, na pia wanachimba gesi humohumo. Wao wamefanikiwa vipi? (Bagamoyo)

Mwanangu swali lako ndo limenichukua muda mrefu kuliko yote, na jibu halina kufanikiwa sana kama ulivyotegemea, ila lina mafunzo makubwa.

Marekani serikali kuu inamiliki ardhi nyingi mno upande wa magharibi, idara moja tu inayoitwa Bureau of Land Management inasimamia karibu hekta milioni 99, na kwa sheria zao ardhi ile ni ya matumizi mengi kwa pamoja, malisho, uwindaji, utalii, madini, mafuta na gesi. Sasa jimbo la Wyoming kuna bonde la juu la mto Green, kuna swala wanaitwa pronghorn ambao majira ya joto wanakaa hifadhi ya Grand Teton, baridi ikikaribia wanashuka kusini kilomita 200 na ushee kutafuta mahali theluji sio nyingi. Kuna sehemu kwenye njia yao, Trappers Point, watu wa kale walikuwa wanawavizia hapohapo, mifupa iliyochimbwa inaonyesha wamekuwa wakipita kwa takribani miaka 6,000. Na kwenye bonde hilohilo chini kuna gesi.

Swala yule ndo mnyama mwenye mbio kuliko wote wa bara la Amerika, lakini uzio haruki. Anajaribu kupenya chini. Waya wa mwisho ukiwa chini sana anakwama, anarudi, anatembea kandokando ya uzio mpaka nguvu zinaisha. Mwaka 2008 idara yao ya misitu ikatangaza kipande kinachopita msituni kuwa njia rasmi ya swala hawa, ya kwanza kutambuliwa na serikali kuu, na 2012 pale Trappers Point wakawajengea madaraja ya kupita juu ya barabara kuu, swala wakayatumia. Hayo ni mazuri, tuyaseme. Ila msitu ni kipande tu cha safari, huko chini kwenye ardhi ile ya matumizi mengi, ambako ndo kuna visima vya gesi, njia haikupata ulinzi kama ule. Mnyama ukimlindia nusu ya njia hujamlindia kitu, anafika katikati anakwama.

Ila funzo kubwa ni la kulungu, mule deer. Eneo la gesi la Pinedale Anticline, hukohuko Wyoming, ni mahali wanapokaa miezi ya baridi, miezi ambayo wana njaa na kila hatua ya kukimbia inawapunguzia uhai. Kwa hiyo kulikuwa na sharti zuri kabisa, kuanzia 15 Novemba mpaka 30 Aprili hakuna kuchimba kwenye maeneo yale muhimu. Unaona? Walijua kuuliza mwezi. Lakini kampuni zikawa zinaomba ruhusa maalumu, zinapewa, zinaomba tena, zinapewa, na 2008 uamuzi mpya ukaruhusu kuchimba mwaka mzima kwenye sehemu za katikati kwa ahadi kwamba athari zitapunguzwa kwa njia nyingine, kama mabomba ya kubeba maji badala ya malori. Watafiti waliwafuatilia kulungu hao kwa redio za shingoni, na baada ya miaka 15 ya uchimbaji wakatoa matokeo, hiyo ilikuwa 2017: kulungu hawakuzoea. Hilo neno watatwambia na sisi, watazoea. Miaka 15, na bado walikuwa wanajiweka mbali na visima kwa karibu kilomita moja zaidi, na idadi yao ilikuwa imepungua asilimia 36, pamoja na hatua zote zile za kupunguza athari.

Chukua hilo la kulungu uandike kwenye daftari lako. Sharti la mwezi lipo, zuri, limeandikwa, alafu linaliwa na vibali vya ruhusa maalumu kimoja kimoja. Ukimaliza chuo ukaajiriwa kwenye hizi ofisi, kazi yako ndo itakuwa hiyo, kukataa kile kibali kimoja.

Na usisahau ya kwako hapo mlangoni. Saadani iko kati ya Bagamoyo na Pangani, ni hifadhi ya taifa tangu 2005, ndo hifadhi ya taifa pekee hapa kwetu ambayo tembo na simba wa bara wamekutana na ufukwe wa bahari ya Hindi. Ukubwa wake sio wa kujitosheleza, tembo wake wanatoka wanaelekea pori la Wami Mbiki, kwa hiyo kinachojengwa nje ya mipaka kinaigusa vilevile.

Mwalimu mi ni kijana wa boti Pangani, nawapeleka wageni Maziwe na Ushongo kuona kasa. Nauliza, taa za kwenye gati la mafuta zinaweza kuwadhuru kasa? Maana watu wananiambia kasa hana habari na taa. (Pangani)

Ana habari kijana wangu. Ana habari sana.

Nikusimulie nilichokiona kwa macho yangu. Nilikuwa Ushongo usiku, wale wanaohamisha mayai kutoka Maziwe walikuwa wanasubiri shimo moja lipasuke. Wewe unajua, lakini wasomaji wengine hawajui: Maziwe zamani kilikuwa kisiwa cha miti ya mivinje na kilikuwa mahali pakubwa pa kasa kutaga, miti ikakatwa, mchanga ukaondoka, sa hivi ni fungu la mchanga tu, maji yakijaa linazama lote na mayai yangekuwa yanazama nalo, ndo maana yanabebwa kuletwa bara. Basi mchanga ukaanza kutikisika kama maji ya uji yanayoanza kuchemka, kikatoka kichwa, kikatoka mkono, kwa dakika chache wakawa wamejaa, kila mmoja anaenea kwenye kiganja cha mtoto. Wakaanza kwenda baharini, maana usiku upande wa bahari ndo wenye mwanga kuliko wa nchi kavu, wao wanafuata hapo penye weupe.

Hoteli moja, siitaji, ikawasha jenereta, taa kubwa ya nje ikawaka. Wallahi wale watoto walisimama. Alafu wakageuka. Sio wote, labda thuluthi, wakaanza kupanda juu kuelekea ile taa, wanajikwaa kwenye magamba ya nazi, na nyuma ya ile taa wala hakuna bahari, kuna jiko na kaa wanasubiri. Tukawa tunawaokota kwa mikono tunawaweka kwenye ndoo. Mtu akakimbia kuomba taa izimwe, ikazimwa baada ya robo saa hivi, lakini robo saa kwa kiumbe wa saizi ile ni safari nzima. Asubuhi nyayo zao bado zilikuwepo kwenye mchanga, mistari midogo kama ya gari la kuchezea, ilikuwa inaenda baharini vizuri, ghafla inakata kona.

Chongoleani na Ushongo ni mbali, taa ya kule haitamulika huku, tusitiane hofu ya uongo. Ila kasa kwenye ramani yake hana Chongoleani wala Ushongo, jike anazurura bahari yote hii, kuna waliofungwa vifaa vya setilaiti kule Komoro na Mayotte wakaonekana wamekuja kula majani ya bahari kwenye pwani yetu, na mtoto anayetoka leo atachukua miaka 20, 30 kabla ya kurudi kutaga. Mambo yenyewe sio magumu: taa ziwe chini, zifungwe kofia zisiangalie baharini, rangi iwe ya njano iliyokolea au nyekundu badala ya nyeupe, na msimu wa kutotoa zisizo za lazima zizimwe. Hii haimzuii mtu kupakia mafuta. Ni kuulizwa tu mapema, kabla mafundi umeme hawajaagiza taa.

Mwalimu nyangumi je? Mi mvuvi Mwambani. Nasikia siku hizi wanapima mafuta baharini kwa mabomu. (Mwambani)

Sio mabomu ya baruti kama yale ya dynamite tunayoyajua na tuliyoumizwa nayo hapa Tanga miaka yote ile. Ni mizinga ya hewa, meli inavuta nyuma yake, inapiga mlio mkubwa kila baada ya sekunde kadhaa, mlio unapenya mpaka kwenye mwamba unarudi, wanasoma kama kuna mafuta au gesi. Nyangumi wale wa nundu wanatoka bahari ya barafu ya kusini wanapanda kwetu wakati wa kusi, kuanzia mwezi wa saba mpaka wa kumi hivi, wengine wanazaa njiani, mama na mtoto wanasemezana kwa sauti. Jibu ni lilelile: wapime kaskazi, nyangumi wakiwa wameondoka. Na kwenye meli akae mtu wa kuangalia, akiona nyangumi karibu mizinga inazimwa.

Ninyi watu wa mazingira mnapenda wanyama kuliko binadamu. Sisi Tanga viwanda vilikufa, vijana wako vijiweni, mradi umekuja mnaanza vitwitwi. Hebu tuacheni tule. (Ngamiani)

Ndugu yangu hasira yako naielewa na wala sikujibu kwa hasira. Mi nimezaliwa mji huu, nimeona reli ikilala na viwanda vikifungwa, wanafunzi wangu niliowafundisha ndo hao wako vijiweni. Sijaandika mahali popote kwamba bomba lisije. Lishakuja.

Lakini fikiria mkulima wa Kilindi au Handeni. Tembo akizibiwa njia yake haachi kusafiri, anatafuta nyingine, na nyingine ndo shamba la mahindi la yule mama. Usiku mmoja chakula cha mwaka kimeisha, na mara nyingine mtu anakufa akijaribu kufukuza. Yule mama hakupata ajira kwenye mradi, hakupata fidia kwa sababu bomba halikupita kwake, lakini gharama amelipa yeye. Ushoroba ukiachwa wazi anayelindwa ni binadamu kwanza. Na mvuvi akiharibiwa mikoko ya Chongoleani samaki watazalia wapi? Hao nao si ni watu wa Tanga?

Sawa Mwalimu tumekuelewa, lakini sisi wananchi tunafanyaje? Wakija wanakuja na makaratasi ya Kiingereza, tunasaini mahudhurio, tunapewa soda, basi. (Muheza)

Hili la soda limeniuma maana ni kweli.

Anzia hapa: kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 ardhi yote Tanzania ni mali ya umma, Rais ni mdhamini wetu. Na Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mradi mkubwa ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla haujaanza, na wananchi wanaoguswa washirikishwe, ripoti inaenda NEMC, baraza la taifa la mazingira, kukaguliwa. Tena tangu 2018 kuna kanuni za shoroba na mapito ya wanyama, kwa hiyo ukitamka ushoroba kwenye mkutano umetamka neno la kisheria. Ombeni maelezo kwa Kiswahili na msione haya. Maoni yenu yaandikwe kwenye muhtasari wa mkutano kwa maneno yenu na nakala ibaki kwa mtendaji. Kijiji kama hakina mpango wa matumizi bora ya ardhi uliochora njia za wanyama, uanzeni sasa hivi kabla mgeni hajaja, maana akija na ramani yake na ninyi hamna yenu, itakayotumika ni ya kwake.

Na jambo la mwisho, kuweni na kumbukumbu zenu. Nina mzee wangu mmoja wa mashamba ya chumvi, ana daftari la shule la kurasa 96, jalada limeliwa na chumvi, anaandika kwa penseli kwa sababu wino unavuja. Yeye hatumii Januari na Februari, anahesabu miongo kwa utaratibu wa wazee wa bahari, siku kumi kumi kuanzia siku ya Mwaka, mwongo wa arubaini ni zile kumi zinazoishia siku ya arubaini. Ukurasa mmoja umeandikwa hivi: mwongo wa arubaini, sululu wameingia, saba. Ukurasa wa mwaka uliofuata: mwongo wa arubaini, sululu, kumi na mmoja. Miaka na miaka ipo mle. Mtaalamu aliyekuja mwezi wa sita akasema hapa hakuna ndege, huyo mzee anamfungulia daftari.

Nani mwingine analo? Tembo wamepita kwenu lini, kasa kapanda lini, nyangumi kaonekana mbele ya kisiwa gani. Tuandikieni tarehe na mahali, toleo lijalo nitazipanga zote ukurasa mmoja, mwezi kwa mwezi.